Kupunga Si Kufukuza: Ngoma ya Pepo na Majeraha ya Utumwa

Mswahili hupunga mkono kumuaga msafiri, hutoka jioni kwenda pwani kupunga upepo, na ndugu yake akielemewa na maradhi yasiyo na jina humpeleka akapungwe pepo. Kitenzi ni kimoja katika mambo yote matatu, na mwendo wake ni ule ule: kitu kinapelekwa huku na huku hewani, kwa mpangilio, bila kukurupuka. Kamusi nyingi, kuanzia zile za wamisionari wa karne ya 19, zimeufafanua msemo huu wa tatu kuwa ni kumfukuza pepo mbaya kwa ngoma na uganga. Ufafanuzi huo umekolea hata kwetu wenyewe, kiasi kwamba mtu akisikia habari ya kupunga pepo hupata picha ya vita: mganga upande mmoja, shetani upande wa pili, na mgonjwa katikati. Wapo kweli mapepo waliotakiwa watoke, na waganga waliojisifu kwa kuwatoa. Lakini ukiifuata desturi yenyewe ilivyoelezwa na watu waliokulia ndani yake, utaona kwamba mara nyingi pepo hakufukuzwa. Aliitwa, akaulizwa jina, akapewa kiti, akavishwa, akalishwa, na mwisho akawekeana ahadi na waliomwita. Aliyebadilika ni mgonjwa, na mabadiliko hayo yalianzia mabegani, shingoni na miguuni mwake.

Ninashikilia kwamba ngoma hizi, zilizostawi mno katika miji ya pwani na visiwani katika karne ya 19, zilikuwa njia mojawapo kubwa ambayo watu wa pwani walijitungia ya kutibu kiwewe, yaani lile jeraha la nafsi linalobaki baada ya balaa kupita. Ninashikilia pia kwamba hazikutibu kwa kutikisa mwili tu. Zilitibu kwa sababu mwili ulitikiswa mbele ya watu waliokubali kubaki na mgonjwa ngoma ikishakwisha. Tofauti hiyo ina uzito leo, maana siku hizi mazoezi, yoga na dansi yanapendekezwa kila mahali kuwa dawa ya msongo na huzuni, na mara nyingi yanapendekezwa kama vile mtu anaweza kujifungia chumbani na kujiponya peke yake. Historia ya pwani inasema vingine.

Tuanze na jeraha lenyewe. Wanahistoria hukisia kwamba katika miaka ya 1860 watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka walipita au kuingia Unguja. Wengi walitoka nchi za Ziwa Nyasa, Uyao na Umakua, wengine Manyema na kwingineko bara, wakashukia Kilwa Kivinje, Bagamoyo na bandari nyingine. Waliletwa kwa miguu, shingo zikiwa zimefungwa kwa kongwa au mnyororo, wengine na mzigo kichwani juu ya hayo. Kongwa ni gogo lenye panda. Aliyevaa kongwa haamui lini ageuze kichwa, lini akae, lini ajikune. Hatua zake zinapimwa na hatua za aliye mbele yake. Akifika pwani aliitwa mjinga, na neno hilo wakati ule halikuwa tusi la kawaida bali daraja: mtumwa mjinga ni yule mgeni aliyetoka bara, asiyejua lugha wala adabu za mji, tofauti na mzalia aliyezaliwa hapa. Fikiria basi maana yake. Mtu huyu amefiwa, amechomewa kijiji, ameuzwa pengine mara tatu njiani, na lugha ya kusimulia hayo hana; hata angekuwa nayo, hana msikilizaji. Mjomba wa kumlilia yuko safari ya miezi mitatu nyuma yake, kama yu hai. Huzuni isiyopata ulimi hutafuta mahali pengine pa kutokea. Mwili unakataa chakula, miguu inakufa ganzi, kifua kinabana, usingizi unakimbia. Haya ndiyo malalamiko ambayo kwa vizazi vingi yaliwafanya jamaa waseme: huyu ana pepo.

Na majeraha hayakuwa ya watumwa peke yao. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea hadi mwaka uliofuata kiliua maelfu bila kubagua. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa kisiwani wakati huo, alikiandikia kitabu kizima. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, majahazi na nyumba. Mwaka uliofuata, 1873, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa kwa mkataba, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Tunazungumzia vizazi viwili au vitatu vya watu walioishi katikati ya kupokonywa, wakubwa kwa wadogo.

Sasa tuingie kilingeni. Chanzo bora tulicho nacho kwa Kiswahili ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Humo mapepo wametajwa kwa majina na ngoma zao, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la nyumbani. Sayyida Salme naye, binti wa Sayyid Said aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za 1886 kuhusu wenye pepo aliowafahamu Unguja. Ukiunganisha maandiko ya aina hiyo na yale ambayo watafiti wa baadaye waliyashuhudia, mwenendo wa jumla unajitokeza wazi. Mwele, ndivyo mgonjwa anavyoitwa, kwanza hufukizwa: anafunikwa shuka juu ya chetezo chenye ubani, au anapigishwa nyungu ya majani mpaka jasho limtiririke. Kisha huketishwa. Ngoma zinaanza polepole, vumi kwa sauti nzito, chapuo juu yake, upatu ukigongwa, kayamba zikichakacha. Watu wamemzunguka wakiimba. Mwele ameinamisha kichwa, hana kazi nyingine yoyote ila kukaa na kusikiliza.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa karibu, maana ndipo ulipo ufundi. Mpigaji hajui bado ni pigo gani litakalomgusa mgonjwa. Kila kabila la mapepo lina pigo lake, nyimbo zake, rangi yake ya nguo na harufu yake. Basi fundi analijaribu moja, anautazama mwili wa mwele: hakuna kitu. Anabadilisha. Pengine saa nzima inapita. Halafu kwenye pigo la nne au la tano bega moja linacheza kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Mpigaji ameliona. Harukii, analirudia pigo lile lile, analikaza, na waimbaji wanalifuata. Bega la pili linajibu, kichwa kinaanza kwenda kushoto na kulia, mikono inatetemeka, na mwishowe mwele anainuka na kucheza. Wanasema amepandisha, au pepo amempanda kichwani; na tangu hapo mtu huyo ni kiti. Yaani uchunguzi wote wa maradhi umefanywa bila kumtaka mgonjwa aseme neno hata moja. Ulioulizwa ni mwili wake, nao ukaachiwa nafasi ya kukataa mara tatu au nne kabla ya kukubali. Kwa mtu ambaye kwa miaka mingi mwili wake ulitembezwa kwa amri, kusubiriwa namna hiyo ni heshima kubwa mno.

Baada ya hapo ndipo maneno yanapokuja, nayo hayaji kwa sauti ya mgonjwa. Fundi anamuuliza pepo: u nani, watoka wapi, wataka nini? Majina yanayotajwa yanafuata ramani ya Bahari ya Hindi na njia za misafara. Wapo mapepo wa Kinyika na wa Kimasai kutoka nyuma ya Mombasa na Tanga, wapo Kinyamkera na Dungumaro, wapo wa rungu, wapo wa kizungu. Unguja wapo wa kihabeshia, ambao mapokeo huwahusisha na masuria wa Kihabeshi waliokuwa katika majumba ya masultani, na wapo wa kibuki kutoka upande wa Bukini na Ngazija, ambao ni Wakristo na hutaka brandi hata kama kiti ni Mwislamu anayeswali sala tano. Ukiisoma orodha hii bila haraka utagundua kwamba ni orodha ya watu waliokutana kwa nguvu: waliouzwa, walionunua, waliotawala, waliooleana. Mtu aliyekatazwa kutaja kwao, au aliyezaliwa baada ya kwao kusahaulika, angeweza kuicheza nchi hiyo kwa hatua zake na kuisema kwa lugha yake, watu wakamsikiliza na kumtilia ubani. Sisemi kwamba kila pepo wa Kinyika alikuwa kumbukumbu ya mtumwa fulani wa Kinyika. Viti wengi walipandwa na mapepo wa makabila yasiyo yao kabisa. Ninachosema ni kwamba jamii nzima iliiweka historia yake ya maumivu mahali ambapo ingeweza kuchezwa, kwa kuwa mezani na barazani haikuwezekana kuzungumzwa.

Ushahidi kwamba ngoma hizi zilifuata jeraha popote lilipokwenda uko ng'ambo ya bahari. Watumwa wa pwani yetu walipelekwa Oman, Bahrain, Kuwait na bandari za kusini mwa Uajemi, na huko desturi ya zar, ambayo asili yake huhusishwa na Uhabeshi, ikaungana na walichokuja nacho kutoka Uswahilini. Gholam-Hossein Sa'edi, mwandishi Mwirani ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alitembea pwani hiyo na mwaka 1966 akachapisha kitabu kuhusu watu wanaoitwa kwa Kiajemi ahl-e hava, watu wa hewa. Kwao pepo ni upepo. Neno linalotumika ni lile lile la upepo unaovuma, kama vile kwetu pepo na upepo vinavyochangia shina moja. Wana viongozi wao wa kilinge, Baba Zar na Mama Zar, wana ubani, wana ngoma za mikono, na mgonjwa anafunikwa shuka na kutafutiwa pigo. Miongoni mwa mapepo hao wanaowataja kwa majina, mmoja anaitwa Dingomaro. Msomaji aliyemkumbuka Dungumaro wa Mtoro bin Mwinyi Bakari hatahitaji kuambiwa zaidi. Watu walioshushwa jahazini bila mali, bila jamaa na bila jina lao wenyewe walifika na jina la pepo na pigo la kumwita. Walichokihitaji zaidi ndicho walichokihifadhi.

Nimesema ngoma haikuponya kwa kutikisa tu, na ni wakati wa kulithibitisha hilo. Kama kutikisika kungetosha, kazi ingeisha siku pepo alipopanda. Haikuwa hivyo. Kupanda kulikuwa mwanzo. Pepo alitaja haja zake: kilemba cha rangi fulani, pete, nguo, marashi, na chano kilichopangwa ndizi, miwa, mayai, halua, popoo na tambuu. Jamaa wa mgonjwa walipaswa kuvitafuta, wengine wakivikopa. Ngoma aghalabu ziliendelea kwa siku kadhaa, mara nyingi saba. Na mwisho wake mwele hakurudi nyumbani akiwa mtu yule yule aliyepona homa. Alikuwa ameingia chamani. Akawa mteja wa fundi, mmoja wa wateja wenzake, mwenye haki na wajibu wa kuitwa ngoma ya mwingine itakapopigwa. Neno mteja leo tunalijua dukani na benki. Kilingeni lilimaanisha mtu aliyetibiwa na asiyeachwa. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Mtumwa mjinga hakuwa na kwao, kwa hiyo hakuwa na wa kumtunza. Ngoma ya pepo ilimpa kwao ya kucheza, na watu wa kumtuza alipocheza.

Wako wanaopinga usomaji huu, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya mwanaanthropolojia Ioan Lewis, aliyeandika mwaka 1971 kwamba kupagawa na pepo, hasa kwa wanawake na watu wa daraja la chini, ni mbinu ya wanyonge: mke asiyepewa nguo na mumewe anaumwa, pepo anadai nguo, mume analipa. Waume wengi wa pwani wamesema hivyo kwa vizazi bila kusoma kitabu chochote. Kuna ukweli ndani yake. Lakini Linda Giles, aliyefanya utafiti pwani hii na kuchapisha makala yake mwaka 1987, alionyesha kwamba hoja hiyo haitoshi, kwani miongoni mwa viti na mafundi walikuwamo watu wa nasaba bora na wenye mali, na mapepo wengi walikuwa wenye hadhi kubwa, wastaarabu na wasomi. Mke wa muungwana mwenye sanduku la khanga asingejipigisha nyungu siku saba kwa ajili ya khanga nyingine. Zaidi ya hayo, hata pale nguo ilipopatikana, hoja ya Lewis haielezi kwa nini mwanamke huyo alilazimika kuugua kweli, kukonda kweli, na kwa nini alipona baada ya kucheza na si pale tu nguo iliponunuliwa. Madai ya haki na maumivu ya nafsi hukaa katika mwili mmoja. Lipi lilitangulia si rahisi kusema, na halina haja ya kusemwa.

Hoja ya pili inatoka kwa mashekhe, nayo ni nzito kuliko ya wasomi kwa sababu inawagusa wahusika katika imani yao. Wanavyuoni wa pwani wamekemea ngoma za pepo tangu zamani, wakiziona kuwa ni shirki na israfu. Katika karne ya 20 wanamageuzi kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, walipiga vita uzushi wa kila aina. Si kazi ya makala hii kuamua suala la dini. Lakini historia inaonyesha kwamba hata ndani ya Uislamu wenyewe, katika miongo ile ile, watu wale wale waliojeruhiwa walitafuta ibada ambayo mwili ulikuwa na sehemu yake. Twarika ya Kadiria, iliyoenezwa na Sheikh Uways wa Barawa aliyefika Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash, ilileta dhikri ya kusimama safu, bega kwa bega, watu wakiinama na kuinuka pamoja na pumzi zikitoka kifuani kwa mpigo mmoja. Mtu aliyeistawisha Bagamoyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya. Alizaliwa upande wa Manyema, akaletwa pwani utotoni akiwa mtumwa. Akasoma, akawa sheikh mkubwa wa twarika, akawa hata liwali wa mji chini ya Waingereza, akafariki mwaka 1931. Dhikri si ngoma ya pepo, na mwanatwarika atachukia kulinganishwa hivyo. Nia ni tofauti na anayeitwa ni tofauti. Hata hivyo mtoto aliyeletwa pwani mtumwa, aliposimama mbele ya safu za watu waliokuwa wakimfuata pumzi kwa pumzi, waungwana na waliokuwa watumwa pamoja, alikuwa amewafungulia wenzake mlango ambao fundi wa ngoma aliutafuta kwa njia yake. Wengi walioingia katika twarika walikuwa watu wasiokuwa na nasaba ya kujivunia mjini.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria kabla ya kujiunga na mapambano ya uhuru, aliandika katika kitabu chake cha mwisho cha 1961 kwamba hasira ya mtawaliwa hujikusanya katika misuli, na kwamba ngoma na kupagawa huikamua hasira hiyo usiku kucha, mtu arudi nyumbani ametulia na mtawala alale usingizi mzuri. Kwa maneno mengine, tiba hii inaponya nusu na kuacha sababu ya ugonjwa imesimama. Sipendi kuipuuza hoja ya mtu aliyewatibu waliotesa na walioteswa. Ni kweli kwamba hakuna ngoma ya pepo iliyovunja kongwa hata moja. Lakini Fanon alimwona mchezaji anayerudi peke yake asubuhi. Hakuona chama kilichobaki. Pwani ya Tanganyika inatoa jibu lake. Bibi Titi Mohamed, kabla ya siasa, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alipotakiwa mwaka 1955 kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Wanawake walijiandikisha kwa maelfu katika muda wa miezi. Hizo zilikuwa ngoma za furaha na mashindano, si za pepo, na tofauti hiyo lazima itajwe. Lakini mazoea ni yale yale: kuitana, kuchangishana, kuvaa sare, kusimama kwa pigo moja, kumtii kiongozi mwanamke. Nguvu ambayo Fanon alidhani inamwagika ilikuwa ikiwekwa akiba.

Inabaki hoja ya mwenye mashaka: je, kuna uthibitisho kwamba ngoma iliponya chochote? Kwa kipimo cha hospitali, hapana. Hakuna aliyewahesabu wele wa Bagamoyo ya 1890 kabla na baada ya kupungwa. Wala tusidanganywe kwamba sayansi ya leo imekwisha kutoa hukumu. Tiba ya dansi kama taaluma ya hospitali huhesabiwa kuanzia kwa Marian Chace, mcheza dansi wa Kimarekani aliyeanza kufanya kazi na wagonjwa wa hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington mwaka 1942, wengi wao askari. Chama cha taaluma hiyo Marekani kikaundwa 1966. Utambuzi rasmi wa kiwewe kama ugonjwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo ulikuja mwaka 1980 tu. Na watafiti walipokusanya mwaka 2015 majaribio yenye ubora yaliyopima kama tiba ya dansi hupunguza sonona, walipata matatu tu, yenye watu 147 kwa jumla, wakasema ushahidi huo hautoshi kukata shauri. Wao waliitazama sonona, si kiwewe, lakini hali inafanana. Basi ninachoweza kudai kwa haki ni hiki: watu waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote za kuachana na kitu kisichowafaa, watu maskini waliolazimika kukopa ili kupanga chano, waliishikilia desturi hii kwa zaidi ya karne moja, wakaivusha bahari, wakairithisha. Huo si uthibitisho wa maabara, lakini si ushahidi wa kutupwa.

Na desturi hiyo ilikuwa na uozo wake. Walikuwapo mafundi waliowanyonya wateja, waliopandisha gharama mpaka familia ikauza shamba, waliowapiga wele kwa kisingizio cha kumpiga pepo. Walikuwapo wagonjwa wa kifafa na wa malaria ya kichwani waliochezeshwa mpaka wakafa, wakati dawa ilikuwa hospitali. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na sheria za namna hiyo zilimtia mganga wa ngoma katika wasiwasi mmoja na mpiga ramli mchawi, bila kutenganisha. Anayeitukuza ngoma ya pepo bila kuyasema haya anawakosea waliodhurika.

Hata hivyo, tunapotafuta namna ya kuwasaidia walionusurika vita vya Kongo mashariki, waliokimbia Burundi, waliobakwa, waliozikiwa jamaa baharini, tusichukue nusu ya funzo. Mashirika na hospitali zinazoanzisha mazoezi ya mwili kwa waliojeruhiwa nafsi zinafanya jambo jema, lakini kwanza zijiulize nani atakuwa na mgonjwa siku ya nane, mradi ukishakwisha na mkufunzi akisharudi mjini. Na vyuo vyetu vikuu, vyenye idara za muziki, za historia na za tiba, viwafuate mafundi wazee wa Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba na Mombasa wangali hai, virekodi mapigo yao moja moja, pamoja na namna wanavyolitambua bega linapoanza kujibu. Mengi ya mapigo hayo yamo vichwani mwao tu.